Mshale Haushuki

"Haushuki!"

"Utashuka leo hii hii!"

"Mjomba, nimesema haushuki. Hata ukinipigia magoti hapa mbele ya Bibi, haushuki."

"Mimi nikupigie magoti wewe? Wewe niliyekufuta kamasi kwa kola ya shati langu?"

"Kamasi zilikwisha, Mjomba. Sasa hivi tunazungumza habari ya upepo."

Mwenye kola ni mwanangu wa kiume, mfyatuaji wa matofali, na watu humwita Tofali. Wanaodhani ni kwa sababu ya kazi yake hawajawahi kubishana naye. Mwenye upepo ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye mimi kwa utani humwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alimdekeza kuliko alivyonidekeza mimi. Mjini wanamwita Mshale. Na mimi ni huyu hapa katikati, kwenye kiti changu kifupi, nachambua maharage kwenye ungo kama mtu asiyesikia. Chini ya paja langu la kulia, ndani ya mikunjo ya gauni, kuna spana. Hiyo spana ndiyo anayoitafuta Tofali tangu alipoingia, na imeshaanza kunichoma nyama.

Kwanza niwape habari ya huo mshale, msije mkadhani tunagombania kitu cha kuwindia.

Kwenye njia panda, pale barabara ya mlimani inapoachana na ya sokoni, kuna ubao wa bati uliokatwa nusu duara, kama mwezi uliotengenezwa na fundi mwenye haraka. Umepakwa rangi za hatari ya moto: kijani, manjano, chungwa, na mwisho nyekundu, iliyoandikwa "Hatari Kubwa Sana". Katikati kuna mshale wa chuma uliokazwa kwa nati. Mshale ukilala kwenye kijani, choma takataka zako. Kwenye manjano, choma, lakini simama hapo hapo na ndoo. Kwenye chungwa, kaombe ruhusa. Kwenye nyekundu, hata sigara yako kavutie chooni na mlango ufunge.

Anayeusogeza ni mke mwenzangu peke yake, kwa spana ya ofisi ya misitu, na hausogezi kwa ndoto. Nyuma ya ofisi yao kuna kisanduku cheupe kilichosimama kwa miguu minne, kuta zake ni vibao vilivyolazwa kama kope za mtu anayesinzia, ili hewa ipite na jua lisipite. Ndani yake wanakaa vipimajoto viwili, ndugu wa tumbo moja. Mmoja yuko uchi. Mwenzake amevishwa utambi wa pamba uliolowa maji. Mimi nauita soksi. Hewa ikiwa na kiu inainywa ile soksi, na aliyeivaa anashikwa na baridi, kama mtu aliyetoka kuoga akasimama mlangoni. Basi yule aliye uchi anasoma juu, mwenye soksi anasoma chini, na kadiri wanavyoachana ndivyo hewa ilivyo na kiu. Wakikaribiana, hewa imeshiba maji. Akitoka hapo anaangalia vile vikombe vinavyozunguka juu ya nguzo, vinavyosema upepo una haraka gani. Anachungulia chupa ya mvua, kama imepata hata tone. Anavunja jani la nyasi, analisikiliza. Anapiga hesabu zake, anachukua spana, anapanda ngazi.

Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuchota maji, na hilo nimelielewa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ni gumu.

Kabla yake kazi ile aliifanya mzee mmoja mpole sana. Mshale wake ulikaa kwenye manjano mpaka ukashika kutu. Ndege akajenga kiota pale kwenye nati, akataga, akalea, watoto wake wakaoa. Wageni walidhani ni tangazo la duka la rangi. Na mwaka ule mlima ulipowaka, mshale ulikuwa pale pale kwenye manjano, umetulia kama picha ukutani.

Moto ule niliuona mimi mwenyewe. Uliruka bonde zima bila kukanyaga chini, kama mbuzi anayeruka mtaro. Ulikimbizana na lori la mkaa, ukalipita, ukalingoja mbele. Kuku wangu walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka, na wanaobisha ndio walioyala. Nyumba za mtaa wa juu ziliungua zote. Za mtaa wetu zilipona kwa sababu upepo ulighairi, si kwa ujanja wa mtu yeyote.

Mke mwenzangu wakati huo alikuwa kimo cha ndoo. Alisimama na mimi pale njia panda, nywele zake zinanuka moshi, akautazama ule mshale.

"Bibi, hii inasema nini?"

"Haisemi kitu. Ilikufa zamani."

"Basi ingesema," akaniambia, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeikata ulimi.

Mtoto akishasema hivyo, usihangaike kumtafutia kazi. Akasoma, akapelekwa kwenye mafunzo, akarudi na buti kubwa kuliko kichwa chake, akakabidhiwa kile kisanduku. Siku ya kwanza alipomimina mafuta kwenye nati na kuuzungusha mshale, ulilia mlio mmoja ambao mbwa wa mji mzima waliitikia. Watu wakatoka majumbani. Wakamkuta juu ya ngazi, amevaa buti zake, mshale uko kwenye nyekundu. Toka siku hiyo hajapata raha, na wala hajaitafuta.

Alianza naye mwenye kilabu, yule anayechoma nyama uani. "Binti, unaniulia biashara." Akajibiwa, "Chemsha." Wakaja vijana wa kijiweni, wale wanaoita kila kilicho kizuri hatari. Akipita wanapiga mluzi: "Dada, leo wewe ni hatari!" Anawajibu bila kugeuza shingo: "Kubwa sana. Someni ubao." Akaja hata mchumba, kijana mtanashati wa duka la simu, akataka kuwasha moto mkubwa wa kuotea na rafiki zake mlimani. Akamwambia kwa sauti ya asali, mpenzi, teremsha rangi moja tu, kwa ajili yangu. Akamteremsha yeye.

Wala si kwamba hakosei. Kuna siku aliupandisha mpaka nyekundu asubuhi, mchana ikanyesha mvua ya kunyesha kweli, mitaro ikafurika. Watu wazima na akili zao wakapita chini ya ubao wamefungua miavuli, wanamwamkia: "Shikamoo moto!" Alichukua ngazi mchana kweupe, watu wote wanatazama, akapanda na mvua yake kichwani, akauteremsha mpaka kijani. Akashuka, akasema, "Hesabu ilikuwa ya asubuhi. Hii ni ya sasa. Mwenye kucheka amalize." Nikajua huyu hapindwi kwa kuchekwa, itabidi watafute njia nyingine.

Njia nyingine ndiyo hii iliyoingia sebuleni kwangu na viatu vya udongo.

Tofali ana tanuru kule mteremkoni, mwisho kabisa wa mji, nyasi zinapoanzia. Kiangazi chote amefyatua, amekausha, amepanga, matofali yamesimama kama nyumba isiyo na mlango. Amelikandika tanuru udongo nje, amejaza magogo kwenye midomo yake, limebaki njiti. Na sasa kila alasiri mawingu yanajikusanya nyuma ya mlima, meusi, mazito. Mvua ikilikuta tanuru halijachomwa, matofali mabichi yanarudi kuwa tope, na jasho lote la mwanangu linateremka na mtaro. Ni mwanangu, nimemzaa. Msifikiri nakalia spana kwa kufurahi.

Lakini anayechoma tanuru si yeye. Ni fundi mchomaji, mtu mmoja mrefu, mkimya, asiye na nyusi, tunamwita Majivu. Nyusi ziliondoka na moto ule wa mlimani pamoja na nyumba yake. Majivu hawashi njiti mpaka ageuke kwanza atazame njia panda, na kutoka kwenye tanuru ubao unaonekana vizuri. Mshale ukiwa kwenye nyekundu, anakaa chini na kukunja mikono. Ukimpigia kelele anatabasamu. Kwa hiyo Tofali amepiga hesabu yake: kumgeuza Majivu hawezi, basi augeuze mshale.

"Wewe, toka nje uangalie!" ndivyo anavyomfokea mpwa wake sasa hivi, mkono umeelekea dirishani. "Mawingu yale pale! Meusi kama sufuria! Mji mzima unaingiza nguo ndani, wewe peke yako unatuambia pakavu!"

"Mawingu yako juu, Mjomba. Nyasi ziko chini. Hizo nyasi zimeona mawingu wiki nzima, hazijalowa."

"Mvua inakuja!"

"Inakuja, ndiyo. Na huwa haiji kimya. Inatanguliza upepo, kama mkubwa anavyotanguliza king'ora. Huo upepo ndio ninaouogopa mimi. Ukikuta tanuru lako midomo imewaka, cheche moja tu, kisha mvua ije ituzimie nini? Misingi?"

"Unanifundisha kuchoma matofali?"

"Nakufundisha kungoja."

"Nimengoja! Nimempigia simu mkuu wako wa ofisi, tumeongea kiume. Amesema usome tena mchana, na namba zikiwa zimeshuka, uteremshe mshale. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Zimeshuka?"

"Zimeshuka sana."

Nikadondosha punje za maharage. Tofali akapiga kofi pajani, akanigeukia na meno yote nje. "Umesikia, Mama? Umemsikia kwa masikio yako?"

"Zimeshuka mpaka nikaogopa," mke mwenzangu akaendelea, na sauti yake ikawa laini, na mimi ninayemjua nikarudisha miguu yangu chini ya kiti. "Ndugu wawili nimewakuta wamelingana, hakuna aliye juu wala chini. Unajua maana yake?"

"Hewa imepoa!"

"Maana yake mchana huu, jua likiwa utosini, mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukungu. Ukungu mzito, Mjomba, nilikuwa napapasa nisijikwae. Mbwa wa ofisi alikuwa anabweka, simwoni. Nilitaka kuwasha taa."

Tofali akaacha kucheka.

"Na ukungu wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ulikuwa unavuja. Kisanduku changu cheupe kimetoa machozi mekundu kila upande, mpaka miguuni. Nikayagusa. Udongo. Sasa nakuuliza wewe mtaalamu wa udongo: ukungu wa wapi huo unaochuruzika udongo wa tanuru?"

Pazia likavimba, likarudi. Nikamtazama mwanangu, naye akatazama viatu vyake. Kumbe alikuwa amechukua magunia yale wanayofunikia matofali mabichi, akayatosa kwenye pipa, akakivika kile kisanduku kama mgonjwa wa homa. Kisha akayaondoa kabla mpwa wake hajafika, akadhani hakuna aliyeona.

"Kilikuwa kimechemka," akasema hatimaye, na nusura nimhurumie. "Nimekipoza. Gari likichemka hulipozi?"

"Kisanduku si injini, Mjomba!"

"Kinapima joto, kimekaa juani kutwa, hakiwezi kuchemka?"

"Umeilowesha hewa ya ndani ya kisanduku. Umemlisha shuhuda wangu maneno. Mlima mzima umeuacha na kiu, umemwagilia mita moja ya hewa, halafu unataka nikaseme dunia imelowa!"

"Wewe ungeandika tu ulichokiona!"

"Nimekifuta, nimekausha, nimebadilisha soksi, nimengoja. Nikasoma tena. Wameachana kama mume na mke mbele ya hakimu. Nyekundu, Mjomba. Na nimeukaza mshale kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilijua utakuja."

Hapo Tofali akakumbuka kilichomleta. Akaanza tena kufunua: akainua mto wa kochi, akachungulia nyuma ya kabati, akafungua hata chungu cha maji, akatia mkono. Nati ile ni ya zamani, haikubali spana nyingine yoyote mjini. Alikuwa ameshajaribu na koleo, vidole vyake vilikuwa vinaonyesha.

"Mama, umeona spana?"

"Spana ndiyo nini?"

"Mama!"

"Mimi nachambua maharage, mwanangu. Kuna mawe humu kama ya ujenzi. Ulinunua wewe?"

"Huyu mtoto amekupa kitu ufiche."

"Amenipa heshima. Hiyo siifichi."

Akaacha kutafuta. Akasimama wima katikati ya sebule, na alipoanza kusema hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikiliza, mpwa wangu. Mimi ni mjomba wako. Jua likizama tanuru halijawaka, basi mimi na wewe hatujuani. Na kesho niko ofisini kwenu, sitoki mpaka wakuondoe."

Mke mwenzangu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, mikono kifuani. Huyu mjomba ndiye aliyembeba mabegani siku ule moto uliposhuka, akakimbia naye mpaka mtoni. Wote wawili walikuwa wanaikumbuka siku ile. Hakuna aliyeitaja.

"Nenda ofisini," akasema. "Waambie wanifukuze. Mpaka wampate mwingine, wamfundishe habari ya soksi, upepo utakuwa umeshapita na mji upo. Ukitaka tusijuane, tusijuane, nitakuamkia nyumba ikiwa imesimama. Lakini mshale haushuki."

"Nitawasha mwenyewe. Bila Majivu."

"Washa. Nitakwenda kukaa kwenye mdomo wa tanuru, niegemeze mgongo kwenye magogo yako. Utaanza na mimi."

"Hutathubutu."

"Mjomba. Nitazame vizuri."

Akamtazama. Nami nikamtazama, na damu ikanipanda mpaka kwenye masikio, damu ambayo nilidhani ilishastaafu. Nikasahau umri, nikasahau ungo, nikasahau na nilichokikalia.

"Na mimi nitakwenda na kiti changu!" nikapaza sauti, nikasimama. "Nikae mdomo wa pili! Tuone mtoto gani atakayemchoma mama yake na matofali!"

Maharage yakamwagika. Na nyuma ya maharage, kwenye sakafu, kikalia chuma. Spana ikaruka, ikajizungusha, ikaenda kusimama mbele ya kiatu cha Tofali, kana kwamba imeitwa jina.

Tofali akainama polepole, akaiokota, akaipangusa kwenye suruali. Mke mwenzangu akaondoka pale mlangoni, akaenda kusimama kwenye mlango wa nje, akaushika kwa mikono yote miwili, kushoto na kulia.

"Pita," akamwambia.

"Toka njiani."

"Pita juu yangu. Ubao huo ni wangu, nati hiyo ni yangu, na mkono utakaoigusa..."

Hakuimaliza. Mlango ulisukumwa kutoka nje kwa nguvu iliyomrudisha hatua nyuma, upepo ukaingia wenyewe bila hodi, ukaling'oa pazia, ukaokota maharage yangu na kuyatupa ukutani. Vumbi likajaa nyumba. Ndani ya vumbi hilo aliingia Majivu, hana kofia, macho mekundu, amekumbatia kitu kirefu kifuani.

"Mama," akaniambia mimi, maana ndiye mkubwa, "mshale umeshuka."

Tofali akainua spana, na uso wake ukaanza kufunguka kwa furaha. Kisha akaona. Majivu aliuweka mshale wenyewe mezani, umepindwa na upepo kama kijiko, nati bado imeng'ang'ania kipande cha bati chekundu ulichong'oka nacho. Akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti cha tanuru, akakiweka juu yake.

"Sasa nitazame wapi?" akauliza.

Tofali alikuwa bado ana spana mkononi.